Lester Patrick: mlinzi aliyejua pa kusimama

Katika kila mchezo wa timu, mlinzi ndiye mtu wa kusahauliwa. Mfungaji wa mabao hubebwa mabegani, na kipa akiruka akadaka hupigiwa makofi. Lakini beki, ambaye kazi yake ni kusimama mahali pafaapo kabla hatari haijafika, hutajwa siku anapokosea tu. Akifanya kazi yake sawasawa, watazamaji huona kama hakuna lililotokea.

Leo nataka kumweleza msomaji habari za beki mmoja ambaye hakusahauliwa, ingawa amekwisha kufariki tangu mwaka wa 1960. Jina lake ni Lester Patrick, mtu wa Kanada, mchezaji wa hoki ya barafuni, ambaye baadaye alikuwa mkufunzi wa timu ya New York Rangers huko Marekani. Najua wengi wetu wa pwani barafu tunaijua kwa kuhifadhia samaki na kutia katika sharubati, na mchezo wa kuchezwa juu yake ni jambo la mbali. Hata hivyo tangu mwaka wa 2005, kilipofunguliwa kiwanja cha barafu katika hoteli moja jijini Nairobi, vijana wa Kenya nao wamepata kuuonja mchezo huo. Tena habari za mtu huyu zina mafunzo kwa yeyote aliyekabidhiwa watu wa kuwaongoza, awe nahodha wa chombo, mwalimu wa madrasa au mwenyekiti wa chama.

MCHEZO WENYEWE

Hoki ya barafuni ni ndugu ya mpira wa magongo tunaouona ukichezwa kwenye nyasi. Tofauti yake ni kuwa wachezaji huvaa viatu vyenye vyuma vikali chini ya nyayo, wakateleza juu ya barafu kwa mbio ambazo mtu wa miguu hawezi kuzifikia. Badala ya mpira wa duara, wao hupiga kisahani cheusi cha mpira mgumu, unene wake kama sentimita mbili na nusu na uzito wake kama gramu 170. Kikipigwa kwa nguvu huruka kama jiwe la kombeo. Siku hizi kila upande huwa na watu sita barafuni, kipa akiwa mmoja wao. Zamani walikuwa saba. Kombe kubwa kuliko yote ni Kombe la Stanley, ambalo limeshindaniwa tangu mwaka wa 1893.

Lester Patrick alizaliwa tarehe 31 Desemba, 1883 katika mji wa Drummondville, jimbo la Quebec. Baba yake, Joseph Patrick, alikuwa mfanyabiashara wa mbao. Ndugu yake aliyemfuata, Frank, alizaliwa mwaka wa 1885, na tangu utoto wao hadi kufa kwao mambo ya ndugu hawa wawili hayakuachana. Lester alikuwa kijana mrefu, mwembamba, mwenye akili za darasani, akaingia Chuo Kikuu cha McGill mjini Montreal. Lakini moyo wake ulikuwa barafuni, na masomo hayo hakuyamaliza.

Mwaka wa 1903 akaenda magharibi, katika mji wa Brandon, jimbo la Manitoba, akapangwa kucheza ulinzi. Zama hizo beki hakutakiwa kuvuka upande wake. Akikipata kile kisahani alikipiga juu kwa nguvu kiende mbali, kisha akabaki palepale kungoja mashambulizi mengine. Lester aliona huo ni upotevu. Kwa nini umrudishie adui kitu ulichokwisha kumnyang'anya? Basi akaanza kukichukua mwenyewe na kukimbia nacho hadi mbele ya lango la wapinzani. Watu walishangaa, wengine wakasema beki huyu amewacha nyumba wazi. Lakini alikuwa mwepesi wa kurudi, na mabao yakaonekana.

Mwaka wa 1904 timu ya Brandon ilisafiri hadi Ottawa kulishindania Kombe la Stanley. Ilishindwa mechi zote mbili, ila Lester aliandika jambo lake: yeye ndiye anayehesabiwa kuwa beki wa kwanza kufunga bao katika mashindano ya kombe hilo. Na katika safari hiyohiyo kipa wao alipotolewa nje kwa kosa, kwa kuwa sheria za siku zile zilimtaka kipa mwenyewe atumikie adhabu yake, Lester akaingia langoni kwa muda mfupi kumshikia nafasi. Naomba msomaji alikumbuke jambo hili dogo, kwa maana litarudi tena baada ya miaka 24.

KOMBE LA MONTREAL NA DOLA ZA RENFREW

Sifa zake zilimrudisha Montreal, akajiunga na timu ya Wanderers. Mwezi wa Machi 1906 timu hiyo ilikutana na Ottawa, waliokuwa wamelishikilia kombe tangu 1903. Mshindi alikuwa ni yule atakayekuwa na mabao mengi katika mechi mbili zikijumlishwa. Wanderers walishinda ya kwanza 9 kwa 1, na mjini Montreal watu wakadhani yamekwisha. Katika mechi ya pili, Ottawa, mambo yaligeuka kama upepo wa tufani: wenyeji wakafunga mabao tisa, Wanderers wakiwa na moja tu, na hesabu ikawa 10 kwa 10. Hapo ndipo Lester Patrick alipofunga mabao mawili ya mwisho, kombe likaenda Montreal kwa 12 kwa 10. Mwaka uliofuata walinyang'anywa kombe na timu ndogo ya Kenora, kisha wakalitwaa tena kabla ya msimu kwisha.

Baada ya hapo alimfuata baba yake katika mji wa Nelson, jimbo la British Columbia, karibu na milima mikubwa ya magharibi, ambako mzee alikuwa amefungua kazi ya kukata na kupasua mbao. Lester alishika kazi ya baba, huku akicheza jioni na wenyeji. Lakini katika msimu wa 1909 na 1910 matajiri wa mji mdogo uitwao Renfrew waliamua kununua wachezaji bora kwa bei yoyote. Lester alilipwa dola 3,000 na Frank 2,000, fedha nyingi sana kwa majira mafupi ya baridi. Hata hivyo kombe hawakulipata. Nadhani hapo ndugu hao walijifunza mambo mawili: kwamba watu wako tayari kutoa fedha kuutazama mchezo huu, na kwamba fedha peke yake haifanyi timu.

BARAFU KANDO YA BAHARI

Mwaka wa 1911 Mzee Joseph Patrick aliiuza kazi yake ya mbao kwa mamia ya maelfu ya dola. Frank ndiye aliyetoa shauri: wahamie ufukoni mwa bahari ya Pasifiki, wajenge viwanja vyao, waanzishe ligi yao. Kwa akili ya kawaida shauri hilo lilikuwa wazimu. Miji ya Victoria na Vancouver haina baridi kali kama mashariki mwa Kanada. Mvua ni nyingi, hewa ya bahari ni ya uvuguvugu, na barafu ya kuaminika haipatikani. Ingekuwa kama mtu wa bara anayetaka kufungua bandari mahali pasipo maji.

Basi wakaamua kuitengeneza barafu yenyewe. Njia yake haitofautiani sana na ya viwanda vinavyowauzia barafu wavuvi wetu. Chini ya sakafu hutandikwa mabomba, na ndani yake hupitishwa maji ya chumvi yaliyopozwa kwa mitambo. Maji ya chumvi hayagandi upesi kama maji matamu, kwa hiyo huweza kuwa baridi kupita kiasi cha kuganda na bado yakatiririka. Kisha juu ya sakafu hunyunyizwa maji matamu, nayo hushikwa na baridi ile yakawa barafu tupu. Viwanja hivyo viwili, kimoja Victoria cha watu wapatao 4,000 na kingine Vancouver cha watu zaidi ya 10,000, vilikuwa vya kwanza nchini Kanada kuwa na barafu ya namna hiyo. Mali ya ukoo mzima ilimiminwa humo. Mwezi wa Januari 1912 ligi ikaanza, ikiwa na timu tatu. Lester alikuwa mwenye timu ya Victoria, mkufunzi wake, na tena beki wake.

Waliokuwa na ligi yao walikuwa na uhuru wa kutunga sheria zao, na hapa ndipo ndugu hawa walipoacha alama isiyofutika. Hapo kabla mchezaji hakuruhusiwa kumpa mwenzake kisahani kwa mbele. Alikitoa kwa nyuma au ubavuni tu, kama ilivyo katika mpira wa raga. Mwaka wa 1913 wakachora mistari miwili ya buluu iliyogawa kiwanja sehemu tatu, na katika sehemu ya kati wakaruhusu kisahani kitolewe mbele. Mchezo ukapata mbio mpya. Waliweka pia nambari migongoni ili watazamaji wawatambue wachezaji, wakaanza kumhesabia mtu aliyemtengenezea mwenzake bao, na wakaweka mchujo wa timu bora mwishoni mwa msimu.

Sheria moja nataka kuitaja peke yake. Desturi ya zamani ilimkataza kipa kuanguka au kupiga magoti kwa makusudi. Alitakiwa asimame wima kama askari wa gwaride, na akijitupa chini aliadhibiwa. Ndugu wa Patrick wakaifuta desturi hiyo katika ligi yao. Wahenga wetu walikwisha kunena kuwa mtaka cha mvunguni sharti ainame, na sioni kwa nini kipa anyimwe haki hiyo. Ligi ya mashariki, National Hockey League, iliyoanza mwaka wa 1917, iliifuata sheria hiyo mwaka wa 1918.

TAABU NA USHINDI

Si kwamba mambo yalikwenda kwa tanga kamili wakati wote. Vita Vikuu vya Kwanza vilichukua wachezaji, na mwaka wa 1916 jeshi lilikitwaa kiwanja cha Victoria, ikambidi Lester aihamishe timu yake hadi Spokane, Marekani. Mwaka wa 1919 fainali ya kombe iliyokuwa ikichezwa Seattle ilivunjwa kabla ya kupata mshindi kwa sababu ya maradhi ya homa ya mafua yaliyoenea ulimwenguni, na mchezaji mmoja wa Montreal, Joe Hall, akafariki. Mwaka wa 1924 ligi ya pwani ikaishiwa nguvu, na timu zilizobaki zikajiunga na zile za nyanda za magharibi.

Lakini kabla taa haijazimika iliwaka kwa nguvu. Mwezi wa Machi 1925 timu ya Lester, Victoria Cougars, iliwakaribisha Montreal Canadiens katika fainali ya Kombe la Stanley. Montreal walikuwa na Howie Morenz, mchezaji mwenye mbio zisizo mfano, na langoni alikuwa Georges Vezina. Lester, ambaye sasa alikuwa kando ya barafu na si ndani, alikuwa na dawa yake: badala ya kuwachosha watu walewale muda wote, aliwatoa kwa zamu na kuingiza wenye nguvu mpya. Victoria walishinda mechi tatu kwa moja. Tangu siku hiyo hakuna timu iliyo nje ya National Hockey League iliyowahi kulichukua kombe hilo.

Mwaka uliofuata, 1926, ligi ya magharibi ikafa. Miji ya Marekani ilikuwa na watu wengi na fedha nyingi, na mishahara ilipanda hadi Victoria isiweze kuilipa. Wachezaji wakauzwa, wale wa Victoria wakapelekwa Detroit. Jambo hili nalitazama kama mtu aliyejenga jahazi lake kwa mikono yake, akalisafirisha miaka kumi na mitano, kisha akaliuza ubao kwa ubao. Lester alikuwa na umri wa miaka 42. Aliweza kurudi katika biashara na kupumzika. Badala yake akapokea wito kutoka New York.

USIKU WA MONTREAL

New York Rangers ilikuwa timu mpya kabisa. Aliyekuwa amewakusanya wachezaji, Conn Smythe, aliondolewa kabla ya msimu wa kwanza kuanza, na Lester akakabidhiwa kazi. Alikuta vifaa vizuri: ndugu wawili Bill na Bun Cook, na katikati yao Frank Boucher, pamoja na mabeki wenye miili kama Ching Johnson na Taffy Abel. Katika msimu wa pili tu, wa 1927 na 1928, wakafika fainali kupambana na Montreal Maroons. Bahati mbaya uwanja wao wa Madison Square Garden ulikuwa umechukuliwa na sarakasi, ikawabidi mechi zote wazicheze Montreal, nyumbani kwa wapinzani.

Mechi ya kwanza Rangers walishindwa 2 kwa 0. Ya pili ilikuwa tarehe 7 Aprili, 1928. Mapema katika kipindi cha pili, mshambulizi wa Maroons, Nels Stewart, alipiga kisahani kikampata kipa wa Rangers, Lorne Chabot, katika jicho la kushoto. Siku zile makipa hawakuvaa kinga za uso. Chabot alianguka, damu zikamtoka, akachukuliwa hospitali.

Siku zile timu haikuwa na kipa wa akiba. Ilikuwa desturi kumwazima kipa mwingine aliyepo uwanjani, ila kwa ridhaa ya wapinzani. Kati ya watazamaji alikuwapo Alec Connell, kipa hodari wa Ottawa. Lester akamwomba mkufunzi wa Maroons, Eddie Gerard, amruhusu amtumie. Gerard akakataa. Akatajwa kipa mwingine wa ligi ndogo, naye akakataliwa. Mimi simlaumu sana Gerard. Sheria ilimpa haki hiyo, na mtu aliye vitani hampi adui yake upanga. Lakini Rangers walikuwa na dakika chache tu za kuamua, na walikuwa hawana mtu.

Hapo Lester Patrick, mwenye nywele nyeupe, mwenye umri wa miaka 44 na miezi mitatu, aliingia chumbani akavaa vifaa vya Chabot. Beki huyu mstaafu, aliyewahi kushika lango kwa dakika chache tu, akatoka mbele ya maelfu ya watu wa Montreal. Odie Cleghorn, mkufunzi wa Pittsburgh aliyekuwa uwanjani, akasimama badala yake kuiongoza timu.

Jinsi walivyocheza wenzake ndiyo siri ya usiku ule. Waliokuwa washambulizi wakageuka walinzi. Kila mtu wa Maroons aliyekaribia alikutwa mbali na lango, akalazimishwa kupiga kutoka pembeni. Walimzunguka mzee wao kama watu waliozunguka taa kuikinga na upepo. Na visahani vilivyopenya alivikabili mwenyewe, akijishusha barafuni kwa magoti, jambo ambalo lingekuwa kosa kama yeye na ndugu yake hawangeifuta ile desturi ya zamani.

Mwanzoni mwa kipindi cha tatu Bill Cook akaifungia Rangers. Dakika chache kabla ya mwisho Nels Stewart, yuleyule aliyemwumiza Chabot, akasawazisha. Muda ukaongezwa. Baada ya dakika saba na kidogo, Frank Boucher akafunga. Rangers 2, Maroons 1. Lester alipigiwa mara 19, akaokoa 18. Wachezaji wakamzingira, wakamtoa barafuni kwa shangwe.

Msomaji atadhani baada ya sifa hizo alisimama tena langoni katika mechi ya tatu. La. Mara tu ruhusa ilipopatikana ya kumtumia Joe Miller, kipa wa timu nyingine ya New York, Lester alirudi mahali pake kando ya barafu. Alikuwa ameziba ufa, na aliyeziba ufa hajidai kuwa yeye ndiye ukuta. Miller alishindwa mechi ya tatu, akashinda ya nne 1 kwa 0, na tarehe 14 Aprili Rangers wakashinda ya tano 2 kwa 1, wakalichukua Kombe la Stanley.

HABARI YA CHABOT

Wengi wanaosimulia maisha ya Lester Patrick huishia hapo kwenye shangwe. Mimi naona si haki, kwa kuwa usiku ule ulikuwa na mtu wa pili, yule aliyepelekwa hospitali. Lorne Chabot alipona. Lakini kabla ya msimu uliofuata kuanza, Lester alimbadilisha kwa kipa wa Toronto, John Ross Roach. Alikuwa na hofu kwamba mtu aliyepigwa jichoni hatakuwa na ushujaa uleule wa kusimama mbele ya visahani.

Wengine watasema huo ni ukatili, kumtoa mtu aliyeumia akiitumikia timu. Wengine watasema mkufunzi ana watu wengi wa kuwafikiria, na huruma kwa mmoja isiwe hasara ya wote. Kilicho hakika ni kuwa Chabot alimjibu kwa vitendo: mwaka wa 1932 alilitwaa Kombe la Stanley akiwa na Toronto, na waliowafunga katika fainali hiyo ni Rangers wa Lester mwenyewe. Mwaka wa 1935, akiwa Chicago, akapata tuzo ya kipa bora wa ligi, tuzo iliyopewa jina la yule Vezina. Alifariki mwaka wa 1946. Sidhani sifa za Lester zinapungua kwa kulisema hili. Aliyajua mengi, lakini moyo wa mtu mwingine hakuweza kuupima kwa macho, na hakuna mkufunzi awezaye.

WANA NA WAJUKUU

Lester aliwaongoza Rangers kwa misimu 13, tangu 1926 hadi 1939, na ni msimu mmoja tu ambao timu yake ilikosa kuingia katika mchujo wa mwisho. Mwaka wa 1933 alilitwaa kombe mara ya pili kwa kuwashinda Toronto. Waandishi wa magazeti ya New York, kwa ajili ya nywele zake na akili zake, walimpa jina la mbweha mwenye manyoya ya fedha.

Mtihani mwingine ulimkuta nyumbani kwake. Mwanawe mkubwa, Lynn, alijiunga na Rangers mwaka wa 1934, na mdogo wake Murray, aliyejulikana kwa jina la Muzz, akafuata. Kila mzazi aliye na madaraka anajua fitina za namna hii: mtoto akipangwa, watu husema ni upendeleo, na asipopangwa, haki yake imepotea. Jibu lilikuja barafuni. Mwaka wa 1939 Lester aliacha ukufunzi, akamwachia Frank Boucher, yule aliyefunga bao la usiku wa Montreal, yeye akabaki meneja. Mwaka wa 1940 Rangers wakalichukua kombe mara ya tatu, Lynn na Muzz wote wawili wakiwamo. Baada ya hapo timu hiyo ilikaa miaka 54 isilipate tena, hadi mwaka wa 1994.

Kazi ya umeneja aliiacha mwaka wa 1946, na mwaka wa 1947 jina lake likaingizwa katika orodha ya heshima ya mchezo huo. Akarudi Victoria, mji alioujengea uwanja. Uwanja wenyewe ulikuwa umekwisha kuungua tangu mwaka wa 1929, na ule wa Vancouver uliteketea mwaka wa 1936. Alifariki mjini humo tarehe 1 Juni, 1960. Ndugu yake Frank hakukaa sana. Alifuata tarehe 29 ya mwezi uohuo. Wanawe wote wawili walipata kuwa wakufunzi wa Rangers, na mjukuu wake Craig, mtoto wa Lynn, alikuwa mkufunzi msaidizi wa timu ya Marekani iliyonyakua medali ya dhahabu katika michezo ya Olimpiki ya mwaka wa 1980. Tangu mwaka wa 1966 hutolewa tuzo yenye jina la Lester Patrick kwa watu walioutumikia mchezo wa hoki nchini Marekani.

Mimi nikiyatazama maisha haya, naona kombe na dola na viwanja vyote vikija na kupita. Viwili vimeungua, ligi imekufa, timu imeuzwa. Mistari ya buluu ingali imechorwa kila panapochezwa hoki ya barafuni, na kipa yeyote apigaye magoti kuokoa lango anatumia ruhusa aliyoipigania beki mmoja kabla ya Vita Vikuu vya Kwanza. Kisha pana lile la mwaka wa 1928, ambalo wazee wa vijiji vyetu vya wavuvi hawahitaji kuelezwa. Wao wamekwisha kumwona nahodha ambaye mshika usukani akiumia hukamata usukani mwenyewe, na chombo kikishapita mwamba humkabidhi mwenye kazi yake, akarudi kuangalia tanga.